Unasoma nini saa hizi? Namna ya kumwambia mtu kitabu mpaka akitake

Neno la kwanza la kuacha ni "kizuri". Ukiulizwa unasoma nini ukajibu "aa, kuna kitabu hapa kizuri sana", ushamfungia mwenzio mlango, manake atasema nini? Atasema "haya, vizuri" na mazungumzo yameisha hapo. Mimi hili limenipata mara nyingi, na mara iliyoniuma zaidi ni kwenye boti ya abiria ya kutoka Mokowe, nimekaa ubavuni mwa mzee mmoja na kikapu chake cha maembe, kitabu kiko mapajani, akaniuliza kwa adabu kabisa "kinasema nini hicho mwanangu?" nami nkamjibu hivyo hivyo, kizuri tu mzee, akaitika, akageuka kuangalia mikoko. Mpaka gatini hatukusemezana tena. Nlishuka nikijilaumu kwa sababu yule mzee alikuwa na hamu ya kujua na mimi ndo nliyemnyima.

Kwa hivyo hapa naandika vile ninavyofanya siku hizi, hatua kwa hatua, kwa yeyote anayesoma hapa Amu, yaani Lamu, au Malindi au popote pale watu wakikaa pamoja wakizungumza, na anatamani kitabu alichonacho kisiishie kwake.

Anza pale ulipofika, usingoje kumaliza

Wengi wetu tunangoja kitabu kiishe ndo tukiseme. Ukishamaliza lakini unabaki na hukumu tu, kimenipendeza au hakikunipendeza. Ukiwa katikati bado una joto lake, hujui nani atamuoa nani, hujui kama jahazi litarudi, na hapo kwenye kutojua ndipo mwenzio anapoweza kuingia mkakaa wawili. Basi ukiulizwa sema mambo mawili, uko ukurasa wa ngapi na hapo kunatokea nini. Kwa mfano: "Niko ukurasa wa 64, kuna kijana kapata barua na kusoma hajui, sasa anatafuta mtu wa kumsomea asiyetoboa siri." Inatosha. Hapo ataanza kuuliza mwenyewe, kwani barua yatoka kwa nani, na wewe jibu lako la kweli ni kwamba hata wewe hujui bado, ukijua utamwambia.

Sisi tumelelewa hivi. Bibi zetu walikuwa wakitutolea ngano usiku wanaikata pale pale palipokolea, haya lalani, kesho. Na kesho yake magharibi haijaingia ushakaa mkekani unangoja. Hiyo ndo njia, haijaharibika kwa sababu sasa hadithi iko kwenye karatasi.

Chagua kitu kimoja

Ukipewa nafasi ya kueleza zaidi, usieleze kitabu kizima. Tafuta kitu kimoja kidogo kilichomo humo, na kama unaweza kiwe kitu ambacho huyo unayemwambia anacho nyumbani kwake.

Binti wa ami yangu yuko sekondari na alikuwa hataki kabisa kusikia mashairi ya zamani, anasema Kiswahili chake ni kigumu, cha mitihani. Siku moja tumekaa nyumbani kwa bibi, nyumba ya mawe ya zamani yenye zile safu za zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, nyingine chokaa ishabanduka, na vilivyowekwa humo siku hizi ni chaja ya simu, mafuta ya nywele na dawa za bibi za presha. Nkamwambia, kuna utenzi unaitwa Al-Inkishafi, aliutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kama miaka 200 iliyopita akiangalia majumba ya Pate yalivyobomoka, na kuna ubeti humo anataja zidaka kama hizi, zilikuwa za kupangia sahani za kauri, na sasa wanalala makinda ya ndege. Sikuongeza kitu. Akaukodolea macho ukuta, akainuka akatoa chaja, akatia mkono ndani ya kile kidaka kama anayepapasa kuona kina chini yake ni wapi. Kisha ndo akasema "wapi hapo, nionyeshe". Tukausoma ubeti mara mbili. Neno "nyuni" alilijua bila ya kamusi kwa sababu bibi hulisema kila siku akifukuza ndege kwenye mchele.

Ningemwambia huu ni utenzi mkubwa unaozungumzia dunia na mauti na historia ya visiwa vyetu, ambayo yote ni kweli, angekuwa ameshika simu yake kabla sijamaliza. Sasa kila kitabu nikisoma najiuliza kidaka chake ni kipi.

Soma kwa sauti, ukurasa mmoja

Hii kwangu ndo hatua kubwa kuliko zote na watu wameiacha. Kuna mtu hatasoma kitabu chako hata umpe bure, macho hayaoni vizuri, au kazi zimemzidi, au shule ilimtia woga wa vitabu, lakini ukimsomea atakaa. Bibi yangu hushona kofia baada ya alasiri, amekaa karibu na mlango apate mwanga, na mimi hukaa pembeni nkamsomea. Tulianza na kitabu kimoja cha safari za baharini, kuna pahala jahazi linaingia maji usiku na nahodha anakataa kumwaga shehena. Nliposoma hapo sindano ikasimama. Akasema, "Soma tena hapo, mayi yalipoingia." Nkasoma tena. Akauliza mzigo ni wa nani, nkamwambia sijafika huko bibi, akasema basi soma, nami nkafunga kitabu kwa sababu ukurasa niliomuahidi ulikuwa umeisha na chai ilikuwa jikoni. Kesho yake hata salamu sijamaliza ananiuliza "nahodha wangu yuwapi?"

Namna ya kufanya. Ukurasa uchague mapema, usianze kupekua mbele za mtu. Uwe ukurasa wenye watu wanafanya jambo, si ule wa mwandishi kuelezea machweo. Soma polepole kuliko unavyodhani, na usiigize sauti za watu, sauti yako ya kawaida inatosha, ukiigiza msikilizaji anakuangalia wewe badala ya kusikiliza kisa. Simama pale pana moto. Halafu kitabu kiache pahala pa kuonekana, juu ya meza au kidakani, usikifungie kabatini, manake mtu akipita akikiona atakumbuka.

Na sisi wanawake ambao barazani nje hatukai, nafasi tunazo nyingi, jioni za kusukana nywele, siku za kupaka hina, kuchambua mchele wa shughuli. Mikono ina kazi, masikio yako huru.

Muulize kabla hujamtajia

Nitasema kosa langu hapa maana ndilo lililonifunza. Kuna mama wa mtaani kwetu, msomaji mzuri, nkampelekea riwaya niliyokuwa nimemaliza jana yake na bado naizungumza usingizini. Nilimsifia sana mpaka akaichukua. Baada ya siku tatu akairudisha imekunjwa ndani ya leso, akaniambia ahsante, hakuongeza. Nilipofika nyumbani ndo nkakumbuka kwamba katikati ya kile kitabu kuna mtoto mchanga anafariki, na yule mama alikuwa ametoka kuzika wake hata arubaini haijafika. Mimi nilijua msiba ule, nilikwenda kuhani! Lakini nilikuwa nimekishika kitabu, yeye sikumtazama. Nilirudi kwake kumuomba radhi, akanisamehe, lakini mpaka leo nikimpelekea kitabu nasema kwanza kina nini ndani.

Tangu hapo nauliza maswali matatu, kwa mazungumzo tu, si kama mtu wa sensa. La kwanza, kisa gani cha mwisho kilikukosesha usingizi, hata kama ni tamthilia ya Kituruki ya kwenye tivii. Watu wanaosema "mi si msomaji" utakuta wamefuata sehemu mia za tamthilia moja na wanajua mpaka jina la mpishi, huyo ni msomaji, kitabu chake tu hajakutana nacho. La pili, unapata nafasi saa ngapi na kwa muda gani, kwa sababu mwenye robo saa kabla ya kulala mpe hadithi fupi, usimpe tofali. La tatu, kuna jambo ambalo kwa saa hizi hutaki kulisoma? Hili liulize taratibu, na akinyamaza usimchimbe.

Ukishajua, linganisha. Ami yangu mmoja maisha yake yote amepakua mizigo, kitabu hakuwahi kuomba. Nkamwambia kipo kimoja cha makuli wa bandari ya Unguja, kinaitwa Kuli, cha Adam Shafi, kilitoka 1979, kinaeleza maisha yao na mgomo wao. Swali lake la kwanza lilikuwa "walikuwa wakilipwa ngapi?" Nkampa. Alikaa nacho muda mrefu sana lakini kila tukikutana alikuwa na la kusema, na mara nyingi lilikuwa la kazi yenyewe, vile mtu anavyobeba, vile msimamizi anavyosema na watu. Mimi nilikisoma kile kitabu mara mbili na hayo sikuyaona.

Na hapa wacha niseme jambo ambalo naliamini kabisa. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alipotunga utenzi wake mwaka 1858, hali yake ya kuumwa, aliutunga kwa ajili ya binti yake mmoja, Mwana Hashima. Mtu mmoja mwenye jina. Na utenzi ule ulinakiliwa kwa mikono nyumba hadi nyumba, ukaghaniwa, ukafika kwa mabinti wasiohesabika. Kitabu ukikipeleka kwa mtu mmoja unayemjua kina nafasi ya kufika mbali zaidi kuliko ukikitangazia mji mzima.

Kwenye simu

Picha ya jalada kwenye stetasi peke yake haisemi kitu, watu wanaipita kama tangazo la simenti. Ukiweka, andika chini yake mstari mmoja wa pale ulipofika. Voisi ni bora zaidi, lakini isipite dakika moja, ikipita watu wanaiacha "nitaisikiliza baadaye" na baadaye haifiki. Na usiimwage kwenye grupu la watu 200, grupu la ukoo au la wazazi wa shule, huko atakayejibu ni mmoja, tena kwa dole gumba. Mtumie mtu kwa jina. Yangu huwa hivi:

"Salama dada? Nimekukumbuka. Nasoma riwaya moja hapa, kuna mke kaachiwa duka na mumewe alosafiri, wateja wote wanamuuliza bwana yuko wapi na yeye anajibu kila mtu jibu lake. Nkakumbuka ulivyokuwa ukiendesha lile duka peke yako. Ni kurasa 150 hivi, Kiswahili chepesi. Nikimaliza Ijumaa nikuletee?"

Angalia, kuna sababu ya kumkumbuka yeye, kuna kisa, kuna unene na lugha, na kuna siku. Ile siku ni muhimu mno, ahadi isiyo na siku hupotea.

Ukitaka kumuonjesha, mpigie picha ukurasa mmoja. Kitabu kizima usipige wala usisambaze yale mafaili ya wizi, waandishi wetu wa Kiswahili wanauza nakala chache tayari na sisi tukiwanyima hizo tutasoma nini kesho.

Usimkatie utamu

Mpaka wapi pa kusimulia? Mimi nasema hali ya mwanzo tu, ile shida inayofungua kisa, kisha nanyamaza. Chukua Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepewa tuzo ya Nobel 2021, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Ukisema "kuna mtoto wa miaka 12 anaitwa Yusuf, anachukuliwa na tajiri ambaye yeye Yusuf anadhani ni ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake", umesema ya mwanzoni na bado kitabu chote kiko mbele yake. Anayetaka zaidi afungue. Na kuna watu, wapo, wanaotaka kuambiwa mwisho kabla hawajaanza, kwa sababu hawawezi kubeba wasiwasi. Huyo mwambie, ni haki yake, ila mvute pembeni wengine wasisikie.

Sema na yale yasiyopendeza

Kama kitabu kina uzito fulani, utaje. The Dragonfly Sea, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor ya 2019, sehemu kubwa iko Pate, hapa hapa, nami huwaambia watu wakisome. Lakini nasema pia: ni Kiingereza, Kiingereza chenyewe si cha kukimbia, na ni kurasa kama 500. Aliyeambiwa haya mapema akifika ukurasa wa 40 akaona mlima hashtuki, anajua aliambiwa. Usipomwambia atadhani yeye ndo hajui kusoma, na hilo ni dhambi kumfanyia mtu.

Mambo ya aibu vilevile. Kama kuna sehemu za faragha za mume na mke, au matusi, mwambie mtu kabla, hasa ukimpa mkubwa wako au nyumba yenye watoto wanaosoma kila kinacholetwa. Mama mkwe akifungua ukurasa ule bila ya kuonywa, kitabu kinachofuata hatapokea.

Watoto

Kwa watoto sina mengi ya kusema. Usimuulize mtoto funzo ni nini. Muulize nani amemuudhi humo ndani. Na mruhusu kuacha kitabu nusu, watoto wengi wanachukia kusoma kwa sababu kila kitabu walichopewa kilikuwa na maswali nyuma. Ukiweza mpeleke kwenye maktaba ya mle ndani ya Ngome ya Lamu pale Mkunguni, achague kwa mkono wake, na mkitoka umwambie kwamba mpaka 1984 mle mlikuwa jela. Hapo ushampa hadithi mbili.

Ukishakubaliwa, azima kwa mpango

Vitabu vingi haviibiwi, vinasahaulika. Weka daftari dogo: jina la kitabu, nani amechukua, tarehe. Andika mbele yake, kwa uwazi, wala haoni vibaya, anaona unakithamini. Ndani ya jalada andika jina lako kwa penseli.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu inakula karatasi, kurasa zinavimba na kufanya madoa ya ukungu, kwa hivyo kitabu cha kusafiri kitie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, hasa kikienda kwa boti au kwa punda, na mwambie mwenzio asikiegemeze kwenye ukuta wa chokaa unaotoa maji. Kikilowa, usikianike juani, kitajikunja kama dagaa. Weka karatasi kavu kati ya kurasa, kisimamishe wazi kivulini penye upepo, ubadilishe karatasi mpaka kikauke.

Usimuulize kila siku "umefika wapi". Mara moja baada ya wiki inatosha, na umuulize kwa kisa, "yule mama ashapata duka lake?", usimuulize kama msimamizi wa mtihani. Akisema hakikumuingia, pokea. Usibishane, usimwambie hakukielewa. Muulize aliachia wapi, na hapo alipoachia patakuonyesha zaidi kuliko sifa kumi kitabu kipi umpelekee baadaye.

Na ukubali zamu yake

Mtu akikutajia chake, kisome. Hata kama si aina yako, soma kurasa 30 kwa heshima kisha useme ukweli. Kuna watu wanataja vitabu miaka yote na hawajawahi kuchukua cha mtu, na wenzao wanachoka nao taratibu.

Kitabu kikirudi, kabla hujakirudisha mahali pake, muulize aliyekirudisha: sasa tumpe nani? Yeye ndo anajua, ametoka humo juzi tu. Kile cha nahodha tulipokimaliza nlimuuliza bibi. Akakaa kimya akivuta uzi, akasema nikichukue nikipeleke nyumba ya tatu, kwa yule shoga yake aliyefiwa na mume baharini, lakini nisimuachie. "Kaa nae umsomee," akaniambia, "na ukifika penye mayi usimame umuangalie kwanza." Kesho baada ya alasiri nakwenda, nishatia alama ya uzi kwenye ukurasa wa kwanza nitakaomsomea, na pale penye maji pia.